Gitaa la Papa halikuchukuliwa na maji

Kalemie, kwa Mama Lucie, mlimani
Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024

Mpendwa ndugu yangu Éliézer,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mkeo Princesse na watoto wote watatu. Hamjambo huko Lubumbashi? Kile kikohozi cha Princesse kimekwisha, au bado vumbi la kiangazi linamsumbua? Mwambie achemshe majani ya mpera, asidharau dawa za bibi. Na mgongo wako je? Uliniambia siku hizi unakaa kwenye lori la mgodi saa kumi na mbili bila kushuka. Nilisema moyoni, huyu atatembea ameinama kama Papa Jacob kabla hajafika miaka arobaini.

Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako miguu inamvimba kila jioni, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, jana amenigombeza kwa sababu ya chumvi. Ndagala wa ziwani ni wengi mwezi huu na tunawala mpaka tunawachoka. Ziwa limeanza kurudi mahali pake. Nyumba ya Papa imebaki na mstari wa matope ukutani, mstari unaofika hapa kifuani pangu, na ukuta wa upande wa majini umeanguka wote. Sisi tungali kwa mama yako, tumebanana, tunavumiliana.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya sauti ya WhatsApp. Sauti ikiingia kwenye kundi letu la ukoo asubuhi, saa sita imekwisha kufika Moba na watu wanaitolea maoni. Na kwenye simu ya kawaida siwezi kukuambia haya, nimejaribu mara mbili nikaishia kukuuliza bei ya unga. Binti mmoja wa kwaya yetu, Abigaël, atapanda ndege Jumatatu kwenda huko kwenu. Nimemwomba akupe barua hii mkononi mwako.

Basi nisizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia. Gitaa la Papa halikuchukuliwa na maji. Ninalo mimi. Limo ndani ya kabati la darasa langu, nyuma ya ramani ya Afrika, nimelifunga kwa kitenge. Niliwadanganya wote, pamoja na wewe, na sasa uongo wangu unamla mtu asiye na kosa.

Najua gitaa hilo ni lako. Sisi ni Watabwa, mali ya mjomba inafuata tumbo la dada yake, na wewe ndiye mtoto wa kiume pekee wa Mama Lucie. Papa alipokufa mwezi wa pili, wazee walikutaja siku ile ile ya maziko: Éliézer atachukua jina la Grégoire, na pamoja na jina, kisu chake, kiti chake na gitaa. Mimi binti yake wa kuzaa nilipewa cherehani na masufuria. Sikunung'unika, kwa sababu hata Papa alivipata vyake kwa njia hiyo hiyo, na watoto wa mjomba wake walinyamaza. Nilijua tangu utotoni kwamba siku moja ungekuja kulichukua. Kujua ni jambo moja, mkono kuachia ni jambo jingine.

Sidhani unakumbuka lilivyopatikana, ulikuwa ukitambaa wakati huo. Fundi Banza ndiye aliyelitengeneza, yule seremala wa mashua, na baada ya hilo hakutengeneza jingine mpaka anakufa. Uso wake ni ubao wa ndani ya piano ya masista. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya piano, lakini ule ubao mwembamba wa kati ulikuwa mzima, wakampa Papa kwa kuwa alikuwa amewaezekea paa. Mgongo na mbavu ni mninga. Hakutumia msumari hata mmoja. Alichemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe wa kule Pepa, na uani kwake palinuka wiki nzima majirani wakamlaani. Kila ubao aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaukwangua kidogo, akaugonga tena. Papa alikwenda kwake kila Jumamosi kwa mwaka mzima na zaidi, akarudi mikono mitupu, mama yangu anamcheka: "Wewe unatengenezewa gitaa ao wanakutengenezea mashua?"

Wewe hupigi gitaa, Éliézer. Hata makofi kanisani unachelewa nyuma ya watu wote, usibishe. Kwa hiyo acha nikueleze kitu ambacho pengine hukijui. Yale magitaa ya sokoni yanayovuka kutoka Kigoma yamefungwa kwenye plastiki, nyuzi zake zimeinuka mbali na shingo. Unabana mpaka vidole vinabaki na mifereji, na ukimaliza wimbo mmoja mkono unauma kama ulikuwa unafua mablanketi. Baada ya mvua moja shingo imepinda. La Papa halidai nguvu. Unaligusa, linaitika. Ukipiga ule uzi mnene wa juu, sauti huisikii sikioni kwanza, unaisikia mbavuni, pale mgongo wa gitaa unapokugusa. Na haifi upesi. Unaweza kuondoa mkono na kunyamaza, nalo likaendelea kusema peke yake, mpaka hata wewe uliyelipiga unaanza kusikiliza.

Kitu kilichotengenezwa vizuri kinakutia haya ukikifanyia ovyo. Na gitaa la parokia napiga vyovyote, nani atajua? Lakini lile la Papa nikiteleza kidogo tu linanionyesha, kwa hiyo najitahidi, narudia, najirekebisha. Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi kuniweza hivyo, Mungu amrehemu. Nyuma ya shingo, pale gumba la Papa lilipokaa miaka thelathini, mbao imelainika na kung'aa. Nikilishika, gumba langu linaingia pale pale. Alinianzisha nikiwa na miaka kumi na miwili. Watu walimwambia binti wa gitaa ataishia kwenye baa, naye akawajibu, "Basi ataishia ku baa akiwa na vidole vya muzuri."

Sasa nikuambie ulichonifanyia bila kujua. Mwezi wa nne ulipiga simu kutuuliza habari za maji ya ziwa yaliyokuwa yakipanda, na kabla ya kukata ulisema: "Munitunzie ile gitaa ya mujomba. Nitaitundika mu salon, hapa juu ya televizyo." Hukusema kwa ubaya, najua ulitaka kumheshimu mjomba wako. Lakini maneno yale yalinichoma. Juu ya televisheni! Nililiona linaning'inia huko na vumbi lake, wageni wanalisifu, hakuna anayeligusa. Nililia jikoni na nikamwambia mama yako ni moshi.

Wiki mbili baadaye maji yaliingia nyumbani. Ilikuwa Jumapili asubuhi, ndio tu natoka misa ya kwanza. Nilikimbilia gitaa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu gundi ile ya ngozi ikilowa inaachia. Nikalibeba juu ya kichwa, maji kiunoni, nikapanda nalo mpaka shuleni na kulifungia kabatini. Niliporudi nilimkuta jirani yetu Prospère, yule anayesukuma pusipusi la mizigo bandarini, anatoa magodoro yetu. Alitoa magodoro, cherehani, magunia na kile kiti cha Papa. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inaingia maji, na kitanda chake alikikosa siku ile kwa sababu alianza na vya kwetu. Kumbuka jambo hilo unaposoma yanayofuata.

Mwezi wa sita Papa Jacob alipanda boti kutoka Zongwe kuja kuangalia vitu vya kaka yake marehemu, kama ilivyo kazi yake mpaka mrithi afike. Aliona kisu, akaona kiti, akauliza:

"Na gitaa?"

"Maji ilibeba," nikamjibu.

Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Fikiria ujinga wangu, kumwambia mvuvi wa Zongwe kwamba ubao umepotelea ziwani!

"Mbao haizame, Bertille," akasema. "Mimi nimezeekea mu maji. Kama maji ilibeba, ingeelea, ingefika ku mucanga, na wavuvi wangeiokota. Hii gitaa muntu njo aliibeba."

Siku tatu alitembea ufukoni akiuliza wavuvi, mzee wa watu na mgongo wake. Hakupata hata kipande. Basi akaanza kuuliza nani aliyekuwa anaingia na kutoka nyumbani siku ya maji, na watu wote wakajibu jina moja. Nilikuwa nimeketi pale, Éliézer. Nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga. Uongo niliusema kwa hofu, lakini ule unyamavu niliuchagua.

Papa Jacob alimshitaki Prospère kwa chefu wa mtaa. Akaandikisha mashitaka kwa jina lako, kwa kuwa wewe ndiye mwenye kitu. Tangu hapo wafanyabiashara wa bandarini hawampi mizigo. Wanasema aliyeiba vya mfiwa hatashindwa kuiba robota la kitenge. Pusipusi lake limelala. Mkewe Syntiche alikuwa anauza mihogo karibu na lango la parokia, sasa wanawake wanapita mbele yake wakizungumza kwa sauti kubwa juu ya watu wanaokula machozi ya wengine. Mimi nami hupita hapo. Ananisalimu.

Toka mwezi wa sita sijapokea komunyo. Watu wanadhani ni huzuni ya Papa.

Na sasa limekuja kubwa zaidi. Jumamosi ijayo, tarehe 24, tunaondoa matanga. Wazee wamepanga kwamba Prospère ataapa mbele ya kaburi, na watoto wake wote wanne wakiwa wamesimama naye, kwamba hakugusa gitaa. Unajua maana ya kiapo cha namna hiyo kwetu. Hata aliye safi anaogopa kuwasimamisha watoto wake hapo, kwa sababu mtoto akiugua malaria mwezi ujao, watu watasema tuliona. Akikataa kuapa, amekiri.

Ndiyo maana nakuandikia. Nisaidie, ndugu yangu. Barua hii ukiipata Jumatatu, mpigie Papa Jacob. Mwambie umekumbuka kwamba wewe mwenyewe uliniambia nilichukue gitaa nilitunze, na mimi katika fujo za maji na kilio nilichanganyikiwa nikasahau. Neno lako moja litatosha, mrithi haulizwi maswali. Kiapo kitaondolewa, na mimi sitaaibika mbele ya ukoo mzima na wanafunzi wangu. Na kama unaweza kuniachia gitaa kabisa, sitakuwa na la kukulipa.

Abigaël amesema atapita kuichukua kesho baada ya misa. Naacha hapa.


Jumapili, tarehe 25 Agosti

Éliézer, barua haikuondoka. Ndege haikutua Jumatatu wala Jumanne, wengine walisema injini, wengine walisema mafuta, na Abigaël alinirudishia bahasha akasema ataondoka kesho, tarehe 26, Mungu akipenda. Nilitaka kuichana ile ya kwanza. Nimeiacha uisome, ili ujue dada yako alivyo.

Nilipoisoma tena Jumatano niliona aibu ya lile ombi langu. Ungesema ulichoambiwa, mimi ningetoka nikiwa nimeshika gitaa na jina langu safi. Prospère je? Watu wangesema amelirudisha kisirisiri na sisi tumemfunikia kwa huruma. Nilikuwa nimetengeneza njia ya kujiokoa mimi peke yangu, tena kwa mdomo wako. Mwalimu mzima wa darasa la tano, anayechapa watoto kwa kunakiliana!

Alhamisi nilikwenda kwao. Prospère alikuwa anapaka mafuta gurudumu la pusipusi lisilokwenda popote, Syntiche anamenya mihogo. Nilikataa kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama, bila kupanga maneno. Nilipomaliza, Syntiche aliweka kisu chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Prospère aliendelea kupaka mafuta.

"Mama Bertille, mi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba. Nilipita nyuma ya kalasi yako, masomo ilikuwa imefungwa, nikasikia. Gitaa ya Papa Grégoire mi siwezi poteza sauti yake. Alipiga ku ndoa yetu."

Nilikuwa nikienda pale alasiri, wakati wa likizo, nafunga madirisha na kupiga kwa ncha za vidole ili lisisikike. Niliamini halisikiki.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Nani angeniamini? Wangesema mwizi anasingizia mufiwa. Nikawaza, ni mwalimu, ni muntu ya Mungu, mwenyewe atasema. Mwezi ukaisha. Nikasema labda ku sikukuu ya Bikira Maria. Nayo ikapita."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningependa angenitukana. Kisha akainua macho na kuniuliza jambo ambalo nalisikia mpaka sasa hivi ninapoandika:

"Hii unanielezea mimi, utaielezea na watu? Ao ulikuja tu kupumuzisha roho yako?"

Jana watu walikuwa wengi kuliko siku ya maziko. Wametoka Moba, wametoka Zongwe, hata wale wa Kabimba tunaowaona mara moja kwa miaka mitano. Baada ya sala, wazee walimwita Prospère. Alikuja na shati lake jeupe na watoto wanne, yule mdogo ameshika suruali ya baba yake. Sikungoja waanze. Nilikwenda nyuma ya uzio nilikoliweka, nikalifungua kitenge na kupita katikati ya watu nalo wazi mikononi. Éliézer, sijawahi kutembea njia ndefu namna ile. Nikalilaza miguuni pa Papa Jacob nikasema: hakuna mwizi, mwizi ni mimi, Prospère hakuligusa hata kwa kidole, na nilimwacha achafuliwe miezi miwili na nusu nikiwa najua.

Papa Jacob alivua kofia.

"Umenitembeza ku mucanga siku tatu," akasema. "Sawa. Mi ni babako mudogo, nitasamehe. Lakini huyu muntu tulimukula bure."

Wamenitoza mbuzi na chakula cha wazee, na nimeondolewa kusimamia kwaya mpaka Pasaka. Ni haki. Nilitegemea zaidi.

Kisha mama yako akainuka na miguu yake ile, akasema kaka yake hawezi kuondolewa matanga kimya kimya wakati gitaa lake limelala hapo chini. Akaniambia, "Piga." Nilikataa, akasema tena. Nikakaa kwenye kiti cha Papa, nikapiga ule wimbo aliokuwa akiupiga Jumapili jioni akimngojea mama yangu atoke kuoga. Nilisikia kitu kikitetemeka ndani kwenye noti za chini. Kabati lile lina unyevu, na gundi imeanza kuachia kidogo upande wa mgongo. Kulificha kumelidhuru kuliko ambavyo ukuta wako ungelidhuru. Hata hivyo, ndugu yangu, lilisema. Lilisema mpaka Papa Jacob akafunika uso kwa kofia, na wale wa Kabimba waliokuja kula tu wakalia.

Niliinua macho kumtafuta Prospère. Alikuwa anawakusanya watoto wake. Aliondoka kabla wimbo haujaisha, wala hakugeuka.

Mpaka wakati ule nilikuwa nadhani, sijui kwa nini, kwamba akilisikia atanisamehe. Nimeishi na kitu hicho kizuri mpaka nikaamini kinaweza kunilipia kila kitu. Hakiwezi. Ni mbao na nyuzi, limetengenezwa na mtu mwaminifu, na mimi nililitumia kumwangamiza mtu mwaminifu mwingine.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hili linabaki kwako. Baada ya watu kutawanyika, Papa Jacob alikwenda kwa chefu kufuta mashitaka. Chefu akakataa, na Papa Jacob mwenyewe aliona kwamba ana haki. Aliniambia: "Niliandikisha kwa jina ya Éliézer. Siwezi kufuta jina ya muntu mwingine. Mwenye kitu njo atasema hakuibiwa." Alipita kwa Prospère pia kumpa mkono, na Prospère alimjibu kwa heshima kwamba mkono ataupokea siku mwenye gitaa atakapomwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye si mwizi. Jana jioni bandarini bado hawakumpa mzigo. Wanasema kesi ingali kwa chefu.

Kwa hiyo futa ombi langu la kwanza. Gitaa liko kwa Papa Jacob, limefungwa vizuri, nyuzi nimezilegeza. Utaamua wewe, ukitaka kulitundika ulitundike. Nisikudanganye tena: nalitaka. Nalitaka kama mtu anavyotaka chakula, na asubuhi hii vidole vyangu vilikuwa vinabana hewa chini ya shuka. Lakini sikuombi. Kama litasafiri, tafuta fundi aliguse mgongo kwanza, na asitumie gundi ya dukani.

Ninachoomba ni simu mbili. Ya pili ni kwa Papa Jacob, ili apeleke neno lako kwa chefu. Ya kwanza ni kwa Prospère mwenyewe. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi usinipigie mpaka umempigia yeye.

Mama yako anakusalimu na anasema umtumie picha ya watoto, ila siyo ile wanayotoa ulimi. Papa Jacob anakusalimu, kesho kutwa anarudi Zongwe, usichelewe kumpigia. Wanakwaya wanakusalimu. Abigaël atakusalimu mwenyewe, mpe chai, amehangaika na bahasha hii. Msalimie sana Princesse, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Prospère na Syntiche hawakutuma salamu. Nilipita mlangoni kwao leo baada ya misa na sikuthubutu kuziomba.

Mungu akulinde barabarani na malori yenu hayo, aufungue mdomo wako kwa neno jema, na atuhurumie sisi wa huku.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ambaye safari hii amekuambia kweli yote,

Bertille